Barua ya Shule Inamwomba Mtoto Akalale Mlimani

(MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE KUMI, UNASHUKA CHINI YA SAUTI)

Nawasalimu mlio Besikempu, mlio Juru, mlio Rubondo, na ninyi mliohamia mjini Mbarara, hasa majirani wa Nyamityobora mnaotusikiliza kwenye simu huku mkisubiri wateja. Na wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi tunazogawa katika vikundi, tafadhali soma kwa sauti. Pembeni yako kuna mtu asiyejua kusoma na yeye pia ana mtoto shuleni.

Mada ya leo imetoka kwenu wenyewe. Ndani ya wiki mbili wazazi watatu wametuletea swali lile lile. Watoto wao wanasoma sekondari mjini, na wamerudi nyumbani na barua. Barua inasema wanafunzi wa S.3 watapelekwa safari ya siku tatu. Watatembea vilimani, watalala kwenye mahema, watapika wenyewe, wataongozana wenyewe kwa zamu, na lengo lake ni kuwajenga wawe viongozi. Chini kabisa kuna mstari: mzazi aweke sahihi.

Mama mmoja wa Nyamityobora, mzaliwa wa Masisi, aliniuliza hivi: "Mwanangu, mimi huyu mtoto nilimtoa msituni usiku nimembeba mgongoni. Leo nilipe ada ili wamrudishe msituni?" Mzee mmoja kutoka Burundi alikuwa na hofu nyingine. Alisema kijana akishafundishwa kusoma ramani, kulala porini na kutii kiongozi wa kundi, kinachobaki ni kumpa bunduki. Wa tatu ni baba wa Rubondo, yeye alicheka tu. Binti yake, alisema, anabeba jerikeni la lita 20 asubuhi na jioni, anachanja kuni, anapika kwa mawe matatu, na mvua ikipiga anashikilia turubai lisiruke. "Wampeleke wapi tena akajifunze shida?"

Kuna watu wa mashirika ambao wakisikia maswali kama haya wanasema wazazi wakimbizi hawajaelimika. Mimi sikubaliani nao. Haya ni maswali ya watu waliokwisha kuona mambo. Kwa hiyo leo nitayajibu polepole, na mwisho kila mzazi ataamua mwenyewe kuhusu sahihi yake.

Tuanze na mahali jambo hili lilikotoka, kwa sababu asili yake inatuhusu kuliko mnavyodhani.

Kulikuwa na mwalimu Mjerumani aliyeitwa Kurt Hahn. Alizaliwa Berlin mwaka 1886 katika familia ya Kiyahudi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akawa mkuu wa shule iliyoitwa Salem, kusini mwa Ujerumani. Hitler alipokuwa anapanda juu, Hahn alisimama hadharani na kumpinga. Mwaka 1933 akakamatwa na kufungwa. Wakubwa wa Uingereza walimtetea, akaachiliwa, na mwaka huo huo akakimbilia Uingereza. Alikuwa mkimbizi, ndugu zangu. Aliacha shule aliyoijenga, akaanza tena kwenye nchi ambayo haikuwa yake.

Mwaka uliofuata, 1934, alifungua shule nyingine huko Skotilandi, iitwayo Gordonstoun. Pale wanafunzi hawakukaa darasani tu. Walipelekwa baharini na milimani, na walifundishwa kuokoa watu: kuzima moto, kulinda pwani, kumtafuta aliyepotea mlimani. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa kijana Philip, ambaye familia yake ilifukuzwa Ugiriki mwaka 1922 yeye akiwa mtoto mchanga. Ndiyo, walikuwa familia ya kifalme, lakini siku hiyo walipanda meli kama wakimbizi wengine. Baadaye Philip alimuoa binti aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, na mwaka 1956 alianzisha mpango wa tuzo kwa vijana akitumia mawazo ya mwalimu wake.

Kati ya hapo ikaja vita. Meli za Waingereza zilikuwa zinazamishwa baharini, na wenye kampuni moja ya meli waliona jambo la ajabu: katika mashua za kuokolea watu, mara nyingi walikufa mabaharia vijana wenye nguvu, na wazee wakabaki hai. Waliamini vijana walikosa mazoezi ya kuvumilia na kusaidiana wakati mambo yameharibika. Basi mwaka 1941 Hahn na mwenye kampuni hiyo wakafungua shule ndogo huko Aberdovey, Wales, ya mafunzo ya karibu mwezi mmoja. Wakaiita Outward Bound, neno la mabaharia, maana yake meli iliyokwisha kutoka bandarini na kuelekea bahari kuu.

Shule za aina hiyo zilienea. Moja ilifika karibu na sisi katika miaka ya 1950, huko Loitokitok nchini Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro. Vijana walifanya mazoezi pale chini, wakapanda mlima ule, ambao kilele chake kipo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Ile tuzo ya Philip nayo ilifika. Kenya waliianza mwaka 1966 na kuiita Tuzo ya Rais. Uganda pia ipo. Kijana wa miaka 14 hadi 24 anaweza kushiriki. Ina ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kijana anatakiwa kufanya huduma kwa watu, kujifunza ujuzi, kufanya mazoezi ya mwili, na kufanya safari. Safari ya shaba ni siku mbili na usiku mmoja. Ya fedha ni siku tatu na usiku mbili. Ya dhahabu ni siku nne na usiku tatu. Wanakwenda kundi dogo, watu wanne hadi saba, na kabla ya safari yenyewe lazima wafanye safari ya majaribio. Shikeni hilo la safari ya majaribio, nitalirudia.

(MUZIKI MFUPI, SEKUNDE TANO)

Sasa nimjibu baba wa Rubondo, aliyesema binti yake tayari anaishi hiyo safari kila siku.

Baba, uko sahihi kuhusu nguvu za binti yako. Ukimweka pamoja na watoto wa matajiri wa Kampala, wakaambiwa wawashe moto kwa kuni mbichi, yeye ndiye atakayewapikia wote. Lakini fikiria jambo hili. Jerikeni lile nani aliamua alibebe? Hakuna aliyemuuliza. Maji yamekwisha, amekwenda. Akichoka katikati ya njia, hakuna wa kumwambia pumzika, mwenzako atabeba. Na akifika nyumbani, hakuna anayekaa naye kumuuliza: leo kwenye foleni ya bomba ulipogombana na yule mama, ulifanyaje mpaka mkapatana? Kesho utafanyaje?

Hapo ndipo safari hizi zinapotofautiana na maisha yetu, zikiendeshwa vizuri. Shida peke yake inamchosha mtoto. Inamfundisha pale anapokuwa na nafasi ya kuchagua, anapojua kwamba atarudi salama, na anapopata mtu mzima wa kuzungumza naye usiku ule kuhusu yaliyotokea mchana. Watoto wetu wamekwisha kutembea kutoka Bukavu, kutoka Uvira, kutoka Bujumbura, wengine kutoka Mogadishu. Hawakupewa hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Niwaeleze siku moja ya safari inavyokwenda, maana wengi mnasikia tu neno uongozi na mnafikiri ni hotuba.

Wanaamka saa kumi na mbili. Mmoja wao leo ndiye kiongozi, jana alikuwa mwingine, kesho atakuwa mwingine tena. Anachukua ramani na dira. Mwalimu yupo, lakini anatembea nyuma na anafunga mdomo wake. Kiongozi anasema twende kushoto. Wenzake wawili wanasema hapana, ni kulia. Anafanyaje? Akiwa mbabe, atawavuta wote kushoto. Akiwa mwoga, atawafuata wenye sauti kubwa. Akijifunza, atasimamisha kundi, ataweka ramani chini, atamwita yule ambaye hajasema neno tangu asubuhi na kumuuliza anaona nini. Wakikosea njia, mwalimu anawaacha wakosee kwa nusu saa, mradi hakuna hatari. Wanarudi, wamekasirika, jua linawachoma. Jioni wameshapika posho na maharagwe, wanakaa wakizunguka moto, na mwalimu anauliza maswali tu. Nani alibeba mzigo wa mwenzake? Nani hakusikilizwa leo? Kwa nini?

Nimeona vijana wa kikundi kimoja cha hapa Nakivale walipofanya matembezi ya siku moja kupanda vilima vya upande wa pili wa ziwa. Kijana mmoja, Msomali, alikuwa mwepesi sana, anatangulia kila mara mita mia mbili mbele. Kikundi kilimchagua awe kiongozi, yeye akafurahi. Kufika katikati, dada mmoja Mkongo akapata malengelenge mguuni, hawezi kwenda haraka. Kijana yule alirudi, akasimama, akatazama kilele, akatazama mguu wa dada. Mwishowe akasema, "Tunakwenda kwa mwendo wake." Hawakufika kileleni siku ile. Walirudi kambini kabla ya giza, na dada yule kwa miguu yake mwenyewe.

Na huko kwenye milima mikubwa ndivyo inavyofanyika. Kule Kilimanjaro wageni wote wanajifunza neno moja la Kiswahili kabla ya mengine, nalo ni polepole. Hewa ya juu ni nyepesi. Mtu akipanda haraka anaumwa kichwa, anatapika, na akilazimisha anaweza kufa. Dawa ya kwanza ni kumshusha. Kwa hiyo kiongozi mzuri wa mlima anapimwa kwa kujua wakati wa kusema turudi. Shule ya kimataifa ya Moshi, ambayo siku hizi ni moja ya shule za UWC, mtandao wa shule uliotokana na huyo huyo Hahn mwaka 1962, inawapeleka wanafunzi wake milimani kwa ngazi. Wanaanza na safari fupi, na huo mlima mrefu unakuja baada ya kuzoea. Hakuna anayerushwa Kilimanjaro siku ya kwanza.

(MUZIKI MFUPI, SEKUNDE TANO)

Mzee wetu wa Burundi, sasa nakuja kwako. Shikamoo tena.

Hofu yako haitoki hewani. Katika nchi zetu, kundi la vijana porini wakiwa na kiongozi mmoja na mazoezi ya asubuhi, wote tunajua lilivyokuwa. Wengine walichukuliwa wakiwa shule ya msingi. Hata siku hizi yupo mtu anayeweza kuja na maneno mazuri, mafunzo, uongozi, safari, na nyuma yake kuna kitu kingine. Kwa hiyo simwambii mzazi yeyote aondoe hofu. Namwambia ajue alama za kutofautisha.

Safari ya kweli haina siri. Shule inasema wanakwenda wapi, wanalala wapi, wanarudi saa ngapi. Mzazi anaweza kupiga simu. Viongozi wa serikali wa eneo wanajua. Kama ni hapa kwenye makazi, mwenyekiti wa RWC anajua na ofisi ya OPM inajua. Mtoto anaweza kusema nataka kurudi nyumbani, akarudishwa, bila adhabu na bila kuitwa mwoga. Hachukuliwi usiku. Haambiwi asimwambie mama. Hachaguliwi kwa kabila lake. Na hakuna anayemfundisha kumchukia mtu yeyote. Ukikuta hata jambo moja kati ya haya limekwenda kombo, usitie sahihi, na usikae kimya: nenda kwa mwenyekiti, nenda polisi, nenda kwa watu wa ulinzi wa watoto.

Mzee, nikupe pia mfano kutoka kwako nyumbani. Unawajua maskauti. Walianza mwaka 1907, Mwingereza Baden-Powell alipochukua wavulana wapatao 20, wengine wa matajiri na wengine wa maskini, akapiga nao kambi kisiwani. Huyo mzee alikuwa jenerali, ni kweli, na kaburi lake lipo hapa Afrika Mashariki, mjini Nyeri, Kenya, alikozikwa mwaka 1941. Sare na gwaride vimebaki, na mimi binafsi gwaride halinivutii. Lakini tazama skauti wa Burundi, Rwanda na Kongo walivyofanya pamoja. Walikuwa na mradi ulioitwa Amahoro Amani. Jina lenyewe ni amani mara mbili, kwa Kirundi na Kinyarwanda halafu kwa Kiswahili. Vijana wa nchi tatu zilizomwagiana damu walifundishwa kutambua chuki inavyopandwa kwa uvumi na kwa utani wa kikabila, na kuwa wapatanishi mitaani kwao. Kambi zile zile, mahema yale yale, moto ule ule wa jioni. Humu Nakivale wamo vijana na watu wazima waliovaa skafu ya skauti huko kwao kabla ya kukimbia. Ukimjua mmoja, mwambie tunamtafuta.

Mama wa Nyamityobora nimekuacha mwisho kwa sababu swali lako ndilo zito kuliko yote.

Mtoto aliyejificha msituni akiwa na miaka minne anaweza asikumbuke kwa maneno, lakini mwili unakumbuka. Giza linakumbusha. Tawi likivunjika usiku linakumbusha. Wewe mwenyewe unajua kama mtoto wako anaamka akipiga kelele, kama anajikojolea akiwa mkubwa, kama mlango ukigongwa usiku anaingia chini ya kitanda. Mtoto wa namna hiyo, kwa maoni yangu, asiende kulala porini mwaka huu. Aende matembezi ya mchana kwanza, arudi kulala kwako. Mwalimu aelezwe kwa faragha. Hiyo haimpunguzii mtoto heshima.

Kuna zoezi moja linafanywa katika safari hizi huko Ulaya na Marekani, na hata kwetu linakuja. Mwanafunzi anaachwa peke yake porini, saa kadhaa au usiku mzima, akae na mawazo yake. Kwa mtoto aliyelelewa kwenye nyumba yenye makelele ya televisheni labda linafaa. Kwa watoto wetu mimi nalikataa. Mama, muulize mwalimu wazi: kuna zoezi la kukaa peke yake? Akisema lipo, mwambie wangu hatalifanya. Waendeshaji wazuri wana kanuni kwamba kila jaribio ni kwa hiari, na mwanafunzi akisema hapana linaheshimiwa. Asiyeikubali kanuni hiyo, mtoto wako abaki nyumbani.

Lakini kuna upande mwingine, nao niuseme. Nilizungumza na kijana wa kike anayesoma Mbarara, amekwenda safari kama hiyo mwaka jana. Alilia usiku wa kwanza. Mwalimu wa kike akakaa naye nje ya hema mpaka akatulia. Usiku wa pili alilala. Aliniambia hivi: "Kwa mara ya kwanza nililala porini na hakuna aliyenifukuza. Asubuhi nilitazama miti, nikaona ni miti tu." Simwahidi mzazi yeyote kwamba mtoto wake atapata hilo. Nasema tu kwamba yupo aliyelipata.

Sasa, kabla ya kutia sahihi, uliza. Muulize mwalimu, usimuulize mtoto, maana mtoto anataka kwenda na atasema kila kitu kipo sawa. Watu wazima ni wangapi, na watoto wangapi? Yupo mwanamke kwa ajili ya wasichana, usiku na mchana? Wasichana wana hema lao, na choo chao kipo wapi? Binti akiingia hedhi njiani, pedi zipo? Nimemsikia baba mmoja akiona aibu kuuliza hilo, basi amwachie mama au shangazi aulize, lakini liulizwe. Nani anajua huduma ya kwanza? Kituo cha afya cha karibu kipo umbali gani, na kama kuna bodaboda au gari la kusubiri? Mtoto mwenye pumu, kifafa au selimundu, dawa zake zinabebwa na nani?

Uliza kama walifanya matembezi ya majaribio. Hapa ndipo nilisema nitarudi. Ile tuzo inadai safari ya majaribio kwa sababu viatu vinavyouma, begi linalokatika kamba na mtoto anayechoka haraka vinajulikana siku ya majaribio, karibu na nyumbani. Shule inayotaka kutoka darasani moja kwa moja mpaka siku tatu vilimani, bila hata Jumamosi moja ya mazoezi, iambiwe ingoje.

Uliza kuhusu maji. Kama njia inapita kando ya mto Rwizi au ziwa letu, kuoga na kuogelea hairuhusiwi bila mtu anayejua kuokoa. Ziwa Nakivale lina viboko, nanyi mnawajua. Kama wanakwenda ndani ya hifadhi ya Ziwa Mburo, jirani yetu, kule wapo nyati na chui, na kutembea kwa miguu kunafanywa pamoja na askari wa hifadhi. Kila mtoto abebe maji ya kunywa angalau lita mbili, na begi lake lisizidi robo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 44, kilo 11 zinatosha.

Uliza pesa. Hapa nataka nikae kidogo. Safari hizi mahali pengi zimekuwa mchezo wa wenye nacho. Barua inasema gharama ya usafiri, gharama ya chakula, viatu vya kupandia mlima, koti la mvua, begi la kulalia. Mzazi anayelipa ada kwa kuuza mgawo wake wa chakula atatoa wapi? Halafu mtoto anabaki darasani na wenzake wawili maskini, na wenye pesa wanarudi na vyeti vya uongozi. Hilo si haki, na waandaaji wanatakiwa kuambiwa. Viatu vya mpira vya shuleni vinatosha kwa vilima vya Ankole. Turubai na kamba vinatosha kuwa hema. Blanketi la nyumbani linatosha. Shule ikisema bila viatu vya bei mtoto haendi, wazazi nendeni pamoja, watano au sita, mkaongee na mwalimu mkuu. Na mtu wa nje ya shule akikuambia ana nafasi ya mafunzo ya uongozi nchi za mbali na anataka umtumie pesa kwa simu kwanza, usitume hata shilingi.

Uliza pia karatasi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya nchi. Hata hivyo mtoto abebe kitambulisho chake au nakala ya karatasi ya familia, na mwalimu awe na orodha ya majina. Kundi la watoto 30 likikutana na askari njiani, karatasi zinapunguza maneno.

Kwa vijana mnaonisikiliza na shule yenu haina mpango wowote, nanyi mpo wengi kuliko wenye barua: msisubiri. Anzeni wenyewe kwa matembezi ya mchana. Mpate mtu mzima mmoja wa kiume na mmoja wa kike wanaokubalika. Mwambieni mwenyekiti wenu wa RWC siku, njia na saa ya kurudi. Muwe kundi la watu saba hivi, mchanganyike, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, Mwethiopia, na kijana mwenyeji Mnyankole kama atakubali, maana yeye ndiye anajua shamba la nani lisikanyagwe. Kiongozi abadilike kila saa mbili. Chukueni maji, chumvi na sukari, kitambaa safi cha kufungia jeraha. Na msitoke kambini mikono mitupu: chagueni huduma moja ya kufanya huko mnakokwenda. Mzee aliye peke yake achotewe maji, njia iliyoharibiwa na mvua iwekwe mawe. Mkirudi, kaeni chini nusu saa kabla ya kuachana, muulizane yale maswali ya jioni. Nani hakusikilizwa leo? Mtashangaa nani atazungumza.

Wale wazazi watatu niliwarudia jana kabla ya kuandika maneno haya. Baba wa Rubondo ametia sahihi. Mzee wa Burundi amesema kwanza atakwenda shuleni Jumatatu kumtazama huyo mwalimu usoni. Mama wa Nyamityobora bado ana barua yake ndani ya Biblia. Tarehe ya mwisho ya kuirudisha ni Ijumaa, na amesema usiku wa kuamkia Ijumaa atamuuliza binti yake mwenyewe.

Kama nawe una barua ya namna hiyo, au umewahi kwenda safari kama hii, njoo studio siku za kazi au mwachie ujumbe kiongozi wa kikundi chako cha kusikiliza. Wiki ijayo tutakuwa na nesi wa kituo cha afya, atatuonyesha namna ya kufunga jeraha na kumbeba mtu aliyevunjika mguu kwa kutumia fito mbili na gunia. Njooni na magunia yenu.

(MUZIKI WA KUFUNGA)